Mashine ya kupandia mahindi: anza na punje, vyuma baadaye

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa nzuri sana kwa macho. Fremu ya skwea paipu, rangi ya bluu ya mafuta, vishikio vina gripu za baiskeli, watu pale Gerezani wanasimama kuiangalia. Tukaipakia kwenye guta mpaka Mbagala Rangi Tatu, pale ikapanda juu ya basi la Mkuranga, tukafika shamba kwa mjomba, nikaisukuma mstari mmoja wa kama mita 40 huku najiona mhandisi kweli kweli. Mjomba anakuja nyuma yangu anafukua kwa kidole. Sehemu moja punje 3 zimelala pamoja kama watoto kwenye mkeka mmoja, mbele yake mita nzima hamna kitu, halafu punje 1 imepasuka katikati. Akanyanyuka, akajifuta mchanga, akasema "mjomba, hii uliyoniletea ni toroli."

Kosa langu ni kwamba nilianza na chuma. Nilichora fremu, nikanunua magurudumu, nikachomelea hopa (chombo cha kuwekea mbegu), mwisho kabisa ndo nikajiuliza sasa mbegu itatokaje. Inatakiwa kinyume chake. Unaanza na punje yenyewe mkononi, unatengeneza kitu cha kuibeba, halafu vingine vyote unavijenga kuzunguka hicho. Hapa naeleza nilivyoijenga ya pili, ya kusukuma kwa mkono, mstari mmoja, bila cheni wala gia, na fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea, grainda na drili anaiweza. Kitu kimoja tu utahitaji mtu wa kukereza, na hao hapa Dar wapo wengi.

Kabla hujashika kalamu ujue unataka nini kule chini ardhini. Mahindi kwa wengi wetu ni sm 75 kati ya mstari na mstari, na ndani ya mstari sm 30 punje moja moja au sm 60 punje mbili mbili. Ukipiga hesabu eka moja ni mita za mraba 4,047, kwa 75 kwa 30 unapata kama mimea 18,000. Watu wanapenda 60 punje mbili kwa sababu kwa jembe mashimo yanakuwa nusu, mgongo unapumzika, lakini mashine haina mgongo, kwa hiyo ipe 30 punje moja, kila mche uwe na eneo lake usigombanie maji na mbolea na mwenzake. Kina ni kama sm 5 udongo ukiwa na unyevu, ukipanda kwenye vumbi unasubiri vuli basi shuka mpaka 7 ili kamvua kadogo ka kudanganya kasiiamshe mbegu halafu jua likaiua. Kunde weka 20 ndani ya mstari, choroko 10. Hizo namba 30, 20 na 10 zishike, tutazirudia.

Sasa punje. Nenda Kariakoo maduka ya pembejeo ununue mfuko wa mbegu ile ile utakayopanda, usichukue mahindi ya kukoboa ya jikoni ukasema si yote mahindi, hapana, ukubwa tofauti na utelezi tofauti, ile ya dukani imepakwa dawa. Vaa glavu, chota punje 100 bila kuchagua, halafu kaa na venia kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, upime urefu, upana na unene wa kila moja uandike. Ni kazi ya kuchosha, najua, mi nilifanya usiku umeme umekatika natumia tochi ya simu, lakini hapa ndipo mashine inapozaliwa. Utakuta nyingi zina urefu wa mm 9 hadi 12, upana 7 hadi 9, unene 4 hadi 6. Utaona pia kuna bapa na kuna za duara. Zile bapa zinatoka katikati ya gunzi ambako zimebanana, za duara zinatoka kitakoni na nchani. Za duara ndogo ndo zitakusumbua kwa sababu zinapenda kuingia mbili mbili, kwa hiyo chekecha kwanza, hizo ndogo uzipande pembeni kwa mkono, hakuna aliyekukataza.

Kinachobeba punje tunaita rola. Ni kipande cha duara, kina unene wa kama mm 30, pembeni yake kimetobolewa vikombe. Kinazunguka, kikombe kinapita chini ya hopa kinachukua punje moja, kinashuka nayo, kinaidondosha. Basi, siri yote ya kupanda kwa usawa iko kwenye hicho kikombe. Kanuni ninayotumia, kipenyo cha kikombe kizidi punje ndefu kwa kama asilimia 10, na kina chake kilingane na unene wa punje nene. Kwa mbegu yangu ilitoka kipenyo mm 13 na kina mm 6. Fundi wangu akaniambia "bosi tupige tu 16, mbegu itapita vizuri." Nikamwambia itapita kweli, tatizo itapita na mwenzake.

Kutoboa usitumie biti ya kawaida ya chuma, ile ina ncha kama mkuki, inaacha kikombe chenye kitako cha faneli, punje inakaa upande upande brashi ikipita inaichomoa. Tumia ile biti bapa ya mbao, inaacha kitako kimenyooka. Halafu chukua kisu ulainishe ukingo wa kikombe, hasa ule wa mbele unaotangulia kuingia kwenye mbegu, uwe na kamteremko kadogo punje ijitumbukize yenyewe.

Rola uitengeneze kwa nini? Mbao laini sikushauri kwa hapa Pwani, unyevu wa Dar unaijua, ikivimba inakwama kwenye nyumba yake, ikikauka inalegea. Nailoni ya duara inayotumika kukereza bushi ndo nzuri kuliko zote, ngumu, inateleza, hainywi maji. Ukikosa hela ya nailoni nunua kibao cha plastiki cha kukatia nyama kile kinene, kata duara mbili tatu uzibane kwa bolti. Kuna vijana wana printa za 3D nao wanaweza, ila waambie wajaze ndani, wasiache matupu, maana itaenda kusuguana na mchanga.

Nyumba ya rola nilihangaika nayo wiki nzima kabla sijaona jibu limelala kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi: bomba la PVC la maji machafu la inchi 4. Kwa nje ni mm 110, ndani inategemea unene wake, utakuta kati ya 103 na 106. Kata pete ya upana wa rola, pima ndani kwa venia, NDIPO umpelekee fundi wa kukereza umwambie rola iwe ndogo kuliko hapo kwa mm 1 na nusu tu, yaani nafasi isiyofika mm 1 kila upande. Ukianza na rola ndo utafute bomba utazunguka Buguruni yote. Nafasi ikiwa kubwa, punje inaingiza pembe yake pale, inabanwa, inapasuka, ndo ile aliyoifukua mjomba.

Kwenye hiyo pete unakata madirisha mawili. La juu mbegu inaingia, la chini inatoka. Kwenye ukingo wa mbele wa dirisha la juu funga brashi, kazi yake kufagia punje za ziada zilizopanda mgongoni kwa mwenzao. Brashi ya kiatu ukiikata vipande inafaa kabisa. Ya waya hapana, inakwangua dawa na kuchubua mbegu. Ikiwa ngumu mno inafagia mpaka ile iliyokaa vizuri, unapata mapengo, ikiwa laini mno zinapita mbili mbili, kwa hiyo ifunge kwenye tundu refu lenye bolti uweze kuisogeza juu chini. Utaisogeza sana, nakwambia mapema.

Na kuna punje nyingine inaingia kikombeni inagoma kutoka, inazunguka nayo raundi nzima. Dawa yake, mwambie fundi wa kukereza apitishe mfereji mwembamba wa mm 3 kuzunguka rola nzima katikati ya vikombe, ushuke kidogo zaidi ya kitako cha vikombe. Halafu chini kabisa, kwenye dirisha la kutokea, unaweka kipande chembamba cha bati kinakaa ndani ya huo mfereji. Kikombe kikifika hapo kile kibati kinaisukuma punje kutoka kwa nyuma, itake isitake. Mi nakiita kisukumizi. Kimeniokolea mapengo mengi kuliko kitu kingine chochote.

Haya sasa hesabu, usikimbie, ni mstari mmoja tu. Umbali kati ya punje na punje ni mzunguko wa gurudumu gawanya kwa idadi ya vikombe, kama rola imefungwa kwenye ekseli moja na gurudumu. Mi nikachagua gurudumu la kipenyo sm 36. Zidisha kwa 3.14 unapata mzunguko wa sm 113. Rola ya vikombe 4 inakupa sm 28.3. Utaniuliza mbona tulisema 30? Kwa sababu gurudumu shambani linateleza, halizunguki kama kwenye sakafu, na likiteleza maana yake wewe umesonga mbele ila rola haijageuka, umbali unaongezeka. Ukiteleza asilimia 7 ile 28.3 inakuwa kama 30.4, ndo tunapopataka. Raha yenyewe sasa, kwa gurudumu hilo hilo rola ya vikombe 6 inakupa kama 20 za kunde, na ya vikombe 12 inakupa 10 za choroko. Hamna gia wala cheni ya kuruka meno, unachomoa pini, unavua rola, unavalisha nyingine. Vikombe vya kunde na choroko bila shaka utavipima upya kwa punje zake, usilete uvivu.

Usiamini ile 7 yangu lakini, pima ya kwako. Ukiwa shambani piga chokaa alama kwenye gurudumu, vuta tepu mita 20, sukuma mashine ikiwa na mbegu ndani na jino (chuma cha kufungua mfereji ardhini) limezama, hesabu mizunguko. Bila kuteleza ingekuwa 17.7. Ukihesabu 16 na nusu ujue unateleza karibu asilimia 7. Ukihesabu 14, kuna tatizo, ama ekseli inabana, ama jino limezama mno, ama gurudumu halina kucha. Kucha ni vipande vya flati ba (chuma bapa) unavichomelea kwenye rimu vinasimama sm 2, kama 12 hivi kuzunguka, na kwenye mchanga wa Mkuranga bila hizo utasukuma gurudumu lililosimama kimya kama mguu wa meza.

Mpangilio wa jumla ni huu. Magurudumu mawili, yamepishana kama sm 30, ekseli moja ya mm 20, rola katikati. Gurudumu moja limefungwa kwenye ekseli linazungusha rola, lingine linajizungukia kivyake kwenye beringi ili ukikata kona mwishoni mwa mstari mashine isikatae. Beringi chukua 6204, tundu lake ni mm 20 kamili, na chukua zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili, zile za wazi mchanga unazimaliza msimu mmoja. Usiirudishe mashine nyuma ikiwa chini, inyanyue, ikirudi nyuma rola inazunguka kinyume inasagia mbegu kwenye brashi.

Kufunga rola kwenye ekseli ya magurudumu kuna faida mbili ambazo mwanzoni sikuzijua hata mwenyewe. Ya kwanza ni mwendo. Ukitembea ule mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni, karibu mita 0.8 kwa sekunde, ukingo wa rola unapita chini ya mbegu kwa kama mita 0.23 kwa sekunde, na hapo punje inapata muda wa kuingia kikombeni. Vikombe vikikimbia zaidi ya kama 0.3 vinaanza kupita vitupu. Kijana mwenye haraka akiishika mashine akakimbia nayo mapengo lazima, siyo kosa la mashine. Ya pili, gurudumu likienda mbele sehemu ya chini ya rola inarudi nyuma, kwa hiyo punje inatoka ikiwa inarushwa nyuma kidogo, inapunguza ile kasi ya kwenda mbele na mashine, ikifika chini haibingiriki sana.

Hapa kwenye kudondoka nataka tukae kidogo maana ndipo wengi wanapopoteza. Kutoka chini ya rola mpaka kwenye kitako cha mfereji wa ardhini kwenye mashine yangu ni kama sm 18, punje inaanguka kwa kama sekunde 0.19. Zote zikichelewa hiyo hiyo 0.19 hamna madhara yoyote, mstari mzima umesogea tu nyuma. Kinachoharibu ni zikichelewa TOFAUTI. Moja imeshuka moja kwa moja, nyingine imegonga ukuta wa bomba la kushushia mbegu mara tatu ikachelewa sekunde 0.1 zaidi, na kwa mwendo wako hiyo ni sm 8, kwa hiyo umepima kikombe kwa venia usiku kucha halafu bomba likaja kukuharibia kazi. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na hopa juu karibu na kifua na hosi ndefu imejikunja. Kwa hiyo shusha rola iwe karibu na ardhi kadiri inavyowezekana, bomba liwe fupi, limenyooka, laini ndani, na pana vya kutosha, ukishalikata kwa msumeno pita na msasa ndani maana ile mikwaruzo ya kukatia inashika punje.

Hopa ndo kitu rahisi kuliko vyote na ndo watu wanachotumia nacho pesa nyingi. Kwa majaribio chukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, kata kitako, ligeuze kichwa chini. Linaingia kama kilo 3 na nusu za mahindi, na eka nzima kwa punje moja moja inakula kama kilo 6 hivi, unajaza mara mbili umemaliza, tena unaona mbegu imebaki kiasi gani bila kufungua. Ukija kutengeneza ya bati hakikisha kuta zina mteremko wa nyuzi 45 au zaidi, mahindi yanaanza kujitelezea kwenye karibu 30 lakini yakiwa na dawa ya unga yanakuwa mabishi. Vumbi la dawa likizidi changanya na poda kidogo, ile ya talki, yatateleza.

Jino la kufungua mfereji tulilitengeneza kwa kipande cha springi ya lori, kile chuma wanachotengenezea mapanga, upana mm 30, ncha imeelekea mbele kidogo. Mguu wake utobolewe matundu kila sm 1 ili upandishe na kushusha kina. Liweke karibu kabisa na ekseli. Ukiliweka mbali kule nyuma, kila ukinyanyua mkono kidogo kina kinabadilika, ukichoka kina kinabadilika, ukiongea na simu kina kinabadilika. Likiwa chini ya ekseli magurudumu ndo yanalishika kina, siyo mikono yako.

Kitu ambacho mchanga wa kule Mkuranga ulinifundisha, mfereji unajifukia kabla punje haijafika. Jino limepita, mchanga umejimwaga nyuma yake hapo hapo, punje inaangukia juu juu sm 2 badala ya 5, kuku wanafurahi. Suluhisho ni mabawa mawili ya bati nyuma ya jino, urefu wa sm 7 hivi, yanashikilia kuta za mfereji mpaka punje itue, na mdomo wa bomba uingie ndani ya hayo mabawa. Kwenye udongo wa mfinyanzi tatizo linakuwa jingine, mfereji unabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyeshangaa, udongo unanata kwenye jino na kuziba bomba. Ukiona hivyo acha kwanza, subiri udongo ukauke kidogo, maana hata mashine ya bei mbaya yenye visahani viwili vya kufungua mfereji inasumbuka kwenye tope.

Kufukia ni cheni nzito inaburuzwa nyuma imejipinda kama herufi U, haina ufundi wowote. Nyuma yake gurudumu dogo la mpira la kushindilia, nilichukua la toroli. Mbegu inatakiwa iguswe na udongo pande zote ndo inyonye maji, ikiachwa kwenye uwazi inakaa tu. Kwenye mchanga shindilia kwa nguvu, kwenye mfinyanzi punguza uzito sana, la sivyo juu panakauka panakuwa kigae na mche unashindwa kutoka.

Vishikio viwe usawa wa kiuno, vya kupandisha na kushusha, kwa sababu atakayesukuma siyo wewe tu. Pembeni weka mkono wa flati ba wenye kucha inayochora mstari unaofuata, sm 75 kutoka kwenye jino. Mbolea kama unataka kuifunga humo humo ni hopa nyingine na jino lake, iangukie sm 5 pembeni na sm 5 chini ya mbegu, isikae nayo pamoja itaiunguza, na kumbuka mbolea inakula chuma. Mi bado sijaifunga, anayefuata nyuma na kopo anatosha.

Fundi aliponiuliza kama hii nimeibuni mwenyewe nikacheka. Wachina walikuwa na mashine za kupandia zenye mabomba zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na yule Mwingereza Jethro Tull anayesifiwa kwa mashine yake ya mwaka 1701 hivi naye alikuja nyuma sana. Tunachofanya sisi ni kuishusha kwenye bomba la PVC na springi ya lori.

Majaribio sasa, na usiende shamba kabla ya haya. La kwanza, nyanyua mashine juu ya stuli, zungusha gurudumu mara 50 taratibu. Vikombe 4, unategemea punje 200. Hesabu zilizotoka, halafu angalia zilizopasuka ni ngapi, ikizidi moja mbili rudi kwenye ile nafasi ya rola na nyumba yake. Ila usidanganywe na jumla, maana unaweza kupata 200 kamili kwa sababu doblo (punje mbili pamoja) 15 zimeziba mapengo 15, kwenye karatasi mashine ni malaika, shambani ni toroli. Kwa hiyo la pili, tandaza turubai refu uani, lipake grisi nyembamba punje zishike zilipoangukia, jino pandisha juu, sukuma mwendo wa kawaida. Halafu pima kwa tepu kila umbali. Wataalamu wana kipimo chao, kipo kwenye kiwango cha ISO 7256, nacho ni rahisi: umbali usiofika nusu ya uliokusudia ni doblo, unaozidi mara moja na nusu ni pengo, katikati hapo ni sawa. Kwenye turubai hamna kuteleza, kwa hiyo kipimo chako ni 28, chini ya 14 doblo, juu ya 42 pengo. Tuseme umepima nafasi 100 ukakuta doblo 12 na pengo 2, brashi imelegea, ishushe. Ukikuta pengo 12 na doblo 2, brashi ni ngumu au kikombe ni kifupi au unatembea haraka. Vyote vikiwa vingi kwa pamoja, mbegu hujachekecha. Na kama doblo na mapengo ni machache lakini zile za katikati zinayumba yumba, 20 hapa 37 pale, usiguse rola, tatizo liko kwenye bomba. Hiyo inakuokolea siku nzima ya kukisia. Mama watoto hatopenda lile turubai, nunua la kwako. Na mbegu za dawa ulizojaribia usizirudishe jikoni wala usiwape kuku.

Ukitaka kuzitengeneza za kuuza, CAMARTEC kule Arusha kazi yao ni zana za kilimo ikiwemo kuzipima, na SIDO ambao wapo tangu 1973 wanasaidia wenye karakana ndogo. Peleka ukiwa na zile karatasi zako za vipimo.

Ya pili niliipeleka Mkuranga masika. Mjomba akafukua tena kwa kidole, safari hii alifukua mstari mzima bila kusema kitu, akafika mwisho akauliza "na ufuta?" Hiyo sasa ni hesabu nyingine. Punje ya ufuta haifiki mm 4 urefu, ukitaka kuibeba moja moja kikombe kinakuwa kama cha sisimizi na vumbi linakiziba. Usiihangaikie moja moja. Toboa vikombe vidogo vya kubeba nne tano kwa mkupuo, nafasi ya rola na nyumba iwe ndogo zaidi maana ufuta unavuja kama maji, jino lipande juu sm 2 tu, gurudumu la kushindilia lipunguze uzito, halafu ukiota unapunguzia miche. Mzee mwenyewe amezoea kuchanganya ufuta na mchanga mkavu ndo anamwaga, na kwenye hopa ujanja huo unafanya kazi, ila mchanga uwe umechekechwa na umekauka kabisa, na ukimaliza siku hiyo fungua rola uioshe kabla hujalala.